Safari ya Saa Kumi na Tisa

11 Februari

Kwa kitindamimba wangu,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, sisi tuliobaki. Natumai nawe u mzima.

Mama yako tulimzika Jumamosi. Ulisema unakuja, tukakungoja. Kaka yako alisimama kituoni akikagua kila basi lililoingia, na jeneza likakaa sebuleni mpaka jua likaanza kushuka. Halafu ukapiga simu, ukasema "Nimeshindwa," ukakata.

Nimekwenda kwa yule dada anayekata tiketi za ndege. Kanionyesha kwenye kompyuta: kutoka uwanja wa huko hadi wa huku ni kilomita elfu kumi na moja na mia sita. Saa nane angani, unashuka, unasubiri nne, unapanda nyingine saa saba. Jumla saa kumi na tisa. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na moja. Nimekaa kwenye usukani zaidi ya hapo kwa ajili ya saruji ya watu. Mama yako hakustahili saa kumi na tisa?

Sina hasira. Sina chochote. Nauliza tu.

Baba yako

2 Machi

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo baba. Pole kwa kubaki peke yako kwenye nyumba ile.

Mwaka na nusu sasa nakuandikia "mimi mzima." Si kweli. Figo zangu zote mbili zimekufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nakaa kwenye kiti hospitalini, mashine inanisafisha damu kwa saa nne. Nikikosa, maji yanajaa mwilini mpaka kwenye mapafu. Mama alijua. Mimi ndiye niliyemwomba asikwambie, maana nakujua, usingelala.

Hesabu ya yule dada ni sawa. Lakini baba, wewe ni dereva, unajua safari si pale gurudumu linapozunguka tu. Weka saa tatu za ukaguzi uwanjani, na tisa za basi hadi nyumbani. Thelathini na moja. Kurudi vilevile. Kutoka Ijumaa mchana nikitoka kitini mpaka Jumatatu asubuhi nikirudi ni saa sitini na nane. Zilibaki sita za kumzika mama. Nikaona zinanitosha. Nilifunga begi, nikapita ukaguzi, nikaketi. Wakatangaza ndege imechelewa kwa saa saba.

Nikachukua begi, nikarudi chumbani, nikafua nguo ambazo sikuzivaa. Simu sikuweza kuwapigia mpaka kesho yake. Mpaka leo sijalia.

Binti yako

13 Aprili

Baba, shikamoo. Wiki ya sita hii sijapata jibu. Kama umekasirika, niandikie hata hasira yenyewe.

Binti yako

5 Juni

Kwa binti yangu,

Marahaba. Usidhani nilinyamaza makusudi. Siku nilipoisoma barua yako nilitoka nikaliosha lori la kaka yako, na lilikuwa safi. Kila niliposhika kalamu, niliishia kwenye tarehe.

Nimerudi kwa yule dada. Akaanza kunionya kwamba ndege huchelewa, mzee wangu jiandae. Nikamwambia ichelewe hata siku tatu, mimi sina Jumatatu. Nitakuja nikae kando ya hicho kiti chako.

Leo nimepiga picha ya pasipoti. Mpiga picha alinionya nisicheke, eti hairuhusiwi. Nikamwambia kwa hilo hatapata shida.

Baba yako