Walikuja Kumuuliza Mtu Yeyote

Nyalenda, Kisumu
Jumanne, tarehe tatu Machi. Mwezi wa saba unaisha tangu niondoke nyumbani.

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na lile goti limepunguza hasira. Mvua imeanza kunukia huko Kitui? Mimi nipo. Mgongo unalalamika kwa sababu ya karai za zege kule mjengoni Nyamasaria, lakini nakula na ninaamka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukipokea simu yako boma lote linasikia. Haya ni ya macho yako. Musyoka, yule ninayekaa naye chumba kimoja, anasafiri leo kuja huko Kitui kumzika babu yake, ndiye atakayekuletea. Soma polepole, kama unavyosoma Biblia.

Wiki jana uliniambia mke wangu Mwende hapiki, hasemi, anatazama ukuta huku mtoto wetu mchanga analia, na kwamba umewaita watu wa kwao waje wamchukue Jumamosi hii. Nikakuuliza habari za mvua, nikakata simu. Sasa nimepata neno la kukujibu, na sikiliza lilikotoka.

Juzi Jumapili msichana mmoja aliingia kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga na simu pana kama sahani, ameongozana na mzee wa mtaa. Alisema yeye na watafiti wenzake wanapima ni watu wangapi kati yetu wana shida ya akili. Sisi tukataka kumsaidia. Jirani yangu Mama Achieng, anayeuza omena, vile vidagaa vya ziwani, na ambaye sauti yake inafika barabarani, akamwelekeza kwa mwiko: "Yawa, daktari, umepotea! Mwenye wazimu yuko huko chini kwa mtaro, anaokota chupa. Sisi hapa tuko sawa, ni njaa tu."

Msichana akacheka pamoja nasi, lakini hakwenda. Akahesabu milango, akaruka mingine, akasimama mbele ya wetu. Ile simu ikachagua kati yangu na Musyoka, ikaniangukia mimi. Musyoka akapiga makofi: "Mashine haidanganyi! Mimi nilijua kitambo!" Nikamwambia msichana atafute mwingine, mimi sina kitu.

"Baba, sitafuti mgonjwa," akasema. "Natafuta mtu yeyote. Nikianza kuchagua mwenyewe, hesabu itakuwa ya uongo."

Hapo nilimwelewa. Mama, tunapomwaga zege, fundi mkuu huchota kidogo popote, hatafuti lile zuri, akajaza kisanduku cha chuma. Likishakauka linapelekwa kuvunjwa, ndipo wajue nguvu ya nguzo zote. Siku hiyo kisanduku kilikuwa mimi, niliyeachia shule darasa la sita, nimesimama mahali pa watu ambao sitawaona maishani.

Lakini majibu yangu mtu mwingine haruhusiwi kuyasikia, na chumba chetu ni mabati. Jirani akipiga chafya unamwambia pole. Mama Achieng akaleta redio yake, akaiweka mlangoni na kufungulia nyimbo za kanisa mpaka mwisho. "Haya, wambea! Leo mtasikia haleluya tu."

Aliniuliza maneno madogo. Nalala? Chakula kina ladha? Kuna siku naona heri nisingekuwepo? Kwa hilo, Mama, nilitazama viatu vyangu kwanza. Nikamjibu ukweli: siku kama hizo zimewahi kunipitia. Usiogope, alinielekeza mahali pa kwenda kuzungumza, na jana nilienda. Lakini msichana hakushtuka wala hakunihubiria. Alisema wanaoanika samaki ufukweni wanaulizwa hivyo hivyo, na walimu wa kule Maseno, neno kwa neno. Sikujua duniani kuna watu ambao kazi yao ni kubisha hodi na kumuuliza mbeba karai kama analala.

Mlango mwingine uliochaguliwa ulikuwa wa Mama Achieng. Betri za redio zilikuwa zimekufa, basi nikageuza jerikeni nikaipiga kama ngoma. Nilidhani atatoka upesi na matani yake. Akakaa mpaka mikono yangu ikawaka moto. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba.

"Jirani, umepiga vizuri," akasema.

Kisha akaniambia, bila mimi kuuliza, alivyokuwa baada ya mtoto wake wa pili. Alikaa kama jiwe, maziwa yakimtiririka, mtoto akilia mbele yake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Wengine walisema nimelogwa, wengine wakasema ni uvivu. Mama mkwe wangu peke yake ndiye alifunga mtoto mgongoni, akanishika mkono mpaka kliniki. Bila huyo mama, wewe Mkamba, omena ungenunua kwa nani?"

Mama, huyo ni Mwende. Nilimkimbilia msichana akiwa getini, nikamweleza yote. Alisema hawezi kumwandika kwa sababu haishi ploti hii. Lakini akaizima ile simu, akaniambia kwamba huo ni ugonjwa, huwapata kina mama wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Asiachwe peke yake, na kliniki isicheleweshwe.

Nakuomba kwa magoti, usimrudishe. Waambie watu wa kwao wasije. Mpeleke pale mjukuu wako anapopimwa uzito, useme kila kitu ulichoniambia mimi. Ila kwanza kaa naye, fukuza watoto wa kaka, washa redio, umuulize kama analala. Akijibu, usimkatize.

Msalimie kaka yangu fundi baiskeli, na shangazi aliyenilea ulipokuwa hospitalini. Mpakate mtoto kwa niaba yangu, kwa kuwa bado sijamwona.

Msimamizi hatoi ruhusa mpaka slabu imwagwe Ijumaa. Jumamosi napanda basi, na Jumapili kabla watu hawajatoka kanisani nitakuwa mlangoni. Nimkute Mwende. Na wewe, Mama, tangu tumzike Baba tumekuuliza habari za goti, mbuzi na mvua, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuuliza kama unalala. Andaa jibu. Betri za redio nitaleta mimi.

Mwanao,
Kioko