Makala ya Mchina na Vigae vya Ammi Khalfan

Jumanne. Joto limeanza mapema, na mimi nimeamka na hasira ambayo kiyoyozi hakiwezi kuipoza.

Nimeisoma ile makala ya mwandishi wa Kichina. Kichwa chake: mwenye kiwanda wa Omani aishukuru China. Chini yake picha ya Ammi Khalfan, kaka yake baba, kasimama mbele ya kiwanda chake cha vigae kule Rusayl, mtaa wa viwanda. Ndiyo kazi yao waandishi hawa. Wanatua na kamera za bei, tabasamu la kibalozi na habari iliyokwisha kupikwa kwao. Serikali mbili zinapendana, basi kila anayehojiwa naye lazima apende. Na wakubwa wetu ofisini hapa Al Khuwair, wasiojua hata kigae kinachomwaje, wameisambaza kwenye kundi la WhatsApp na maua juu. Mijitu mizima.

Wenzake wenye viwanda wa Rusayl ndio waliomwomba Ammi awasemee, maana vigae vya bei ya chini kutoka China vinawamaliza. Sasa wanasema kanunuliwa. Jana msikitini wawili walimpita bila ya kumpa mkono. Alinipigia simu baadaye. "Wewe ulikuwepo, mwanangu. Wewe tu ndiye shahidi wangu."

Nikaapa kumwandikia yule mwandishi barua ya kumvua nguo. Ili niyanukuu maneno ya Ammi kama alivyoyasema, nikafungua rekodi ya mahojiano kwenye simu yangu. Mkalimani nilikuwa mimi.

Ammi akikasirika Kiarabu humkimbia, hubaki na Kiswahili tu. Anasikika wazi: "Vigae vyenu vinanifungia kiwanda. Nna tanuri mbili, moja nshaizima. Mwambie hivyo hivyo, usimpunguzie."

Halafu sauti yangu, kwa Kiingereza, laini kama halwa: biashara ina changamoto kidogo, ila anashukuru sana kwa ushirikiano wa China.

Mgeni alikuwa bado na kikombe chetu cha kahawa mkononi. Kwetu mgeni haaibishwi akiwa anakunywa. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofasiri saa nzima bila ya kujishtukia.

Yule mwandishi hakuongeza hata neno; aliandika nilivyomfasiria.

Dharau yote niliyowawekea yeye na wakubwa wa ofisini imenirudia mwenyewe, na sina pa kuipeleka.

Kesho nakwenda Bawshar, nyumbani kwa Ammi. Anajua nilirekodi, na amewaita wenzake waje waisikilize. Ikifika pale inapoanza sauti yangu, nitaweza kutoizima?