Aliyekuwa Akiniita Kaka Sasa Anamtaka Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na ukimaliza kunisaidia naomba usiutaje mtaa wangu, maana mimi ni kinyozi, na kinyozi akichekwa mtaani hana pa kukimbilia, wanaomcheka ndio wateja wake.

Nina miaka arobaini na mitatu, mke wangu anashona sare za wanafunzi hapo hapo sebuleni kwetu, na tuna watoto watatu, wa kwanza ni wa kiume, ana miaka kumi na sita, yuko sekondari, ameshanipita kimo lakini akili bado ya kitoto, juzi tu nimemkuta anagombana na mdogo wake kuhusu nani alale upande wa dirishani. Nyuma ya banda langu la kunyolea kuna ua wa mama mmoja anayekodisha maturubai, viti na masufuria ya shughuli, mwanamke mchapakazi kwelikweli, ana miaka arobaini na mmoja, najua kwa sababu alinitajia mwenyewe nikiwa namnyoa, yeye hupenda nywele fupi na kichwa chake ni mimi ninayekijua. Alikuwa akiniita kaka, mke wangu akimwita wifi, na watoto wangu wote wakimwita shangazi, na hapo hatuna udugu wowote, ni ujirani tu uliokolea.

Shule zilipofungwa alikuja akaniambia, "Kaka, huyo kijana wako anashinda amelala, nipe anisaidie kupakia viti," nikampa kwa mikono miwili, nikasema afadhali mtoto ajifunze jasho kuliko kukaa kijiweni. Shule zikafunguliwa naye akaendelea kwenda, jioni na siku za mapumziko, akaja na viatu vipya, mara akaja na simu inayoizidi yangu mbali, nikimuuliza anasema ni bonasi, na mimi sikuwahi kusikia kupakia viti kuna bonasi lakini nikanyamaza, mke wangu ndiye aliyesema hiyo bonasi ina harufu. Halafu akaanza kuniomba nisimnyoe kidevu, nimwachie ndevu, ndevu zenyewe mshauri ni tatu na moja inaelekea kwingine, nikacheka, nikadhani ni utoto wa kawaida.

Siku ya kujua nilikuwa nimemkalisha mwalimu mmoja mstaafu, povu limejaa kidevuni, kijana wangu anafagia nywele, mara yule mama akaingia akakaa kwenye benchi. Kijana hakumwamkia. Sasa mimi watoto wangu nimewafunza salamu, kwa hiyo nikamwambia, "We, huoni mtu mzima ameingia? Mpe shangazi yako shikamoo." Akatazama fagio. Nikarudia kwa ukali, akaitoa kwa sauti ya chini sana, na yule mama badala ya kuitikia marahaba akainamia mkoba wake akaanza kutafuta kitu ambacho hakukipata mpaka alipoondoka. Mwalimu alicheka mpaka wembe ukamgusa, na waliokuwa kwenye benchi wote wakageuka kuangalia barabarani. Nilipowauliza kuna nini, mwalimu akajifuta povu, akasema, "Fundi, mtaa mzima unajua isipokuwa wewe. Huyo ni mkweo, halafu unamlazimisha mumewe amwamkie."

Nitakwambia ukweli, nilicheka. Kila mtu alikuwa anacheka na mimi nikacheka, mmoja akasema kijana amekuwa kidume, mwingine akasema damu ya baba hiyo, na nilihisi aibu lakini pia, nisikufiche, nilihisi kama sifa kidogo. Tangu siku hiyo wananiita baba mkwe, na nimezoea kuitika.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mke wangu aliposikia aliacha sare ikiwa chini ya sindano, akatafuta kandambili zake ili aende uani kwa yule mama akayapindue hayo masufuria yote, nikamshika mkono nikamwambia tulia, mtoto wa kiume hana cha kupoteza, yatapita yenyewe, mbona hata sisi tulikuwa vijana. Hajanijibu mpaka leo, chakula ananipa, maneno hanipi. Kijana nilimuuliza kwa upole kama ni kweli, akasema kweli, nikamuuliza kama anampenda, akasema, "Ananijali." Basi. Kusema kweli si kijana mkorofi, adabu anayo, hata kabla sijajua lolote aliwahi kuniuliza tukiwa tunafunga banda, "Baba, mtu amekusaidia sana, sasa unataka kuacha kazi kwake, unaanzaje kumwambia?" nikamjibu kwamba mtu aliyekusaidia haachwi hovyo, utaonekana huna shukrani, akasema sawa baba, akabeba kufuli. Ni mtoto wa namna hiyo, anasikia.

Sasa juzi yule mama amekuja bandani mchana hakuna mteja, akasema, "Shikamoo mzee," nami nikageuka kuangalia kama kuna mzee ameingia nyuma yangu, kumbe ni mimi. Akaniambia hana nia mbaya, yeye ni mpweke na kijana wangu ana moyo mzuri, shule zikifungwa anataka ahamie kwake, kuna chumba uani, kina umeme na utulivu wa kusoma, ada atalipa yeye mpaka chuo, na kijana akifikisha umri tutakaa kama familia tupange. Nilimwambia nitafikiri. Nikampelekea kijana habari hiyo nikamuuliza anaonaje, akasema, "Nitafanya mtakavyoamua."

Nimekwama, mshauri. Nikikubali, mke wangu ameshasema kwa kinywa cha mama yake mzazi kwamba atabeba cherehani yake aondoke. Nikikataa, naogopa kijana atatuchukia na kutoroka, na nitaonekana mshamba ninayemzibia mtoto riziki, wateja wengine wanasema wazi kwamba ni bahati. Je, nimwache aende halafu nimfuatilie kwa karibu, au kuna namna ya kukataa bila kuwaudhi watu?

Ni mimi, kinyozi ninayenyolewa bila maji.

JIBU

Baba kijana, pole. Pole imeisha, sasa tuzungumze.

Unaniuliza namna ya kukataa bila kuwaudhi watu. Hakuna. Waudhi. Kuna mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja aliyekabidhiwa mtoto wa jirani amfundishe kazi akamfanya mpenzi, na wewe unahesabu nani atakuona mshamba. Barua yako imejaa watu: mwalimu yumo, benchi zima limo, mpaka wasemao bahati wamo. Mwanao amepata mahali pa kusema mara tatu tu, na mara zote tatu hukumsikia.

Kwanza ulimuuliza kama anampenda. Alikujibu kwamba anajaliwa. Kijana aliyependa hajibu hivyo, hasa wa umri huo, angekuchosha. Huyo ni mtoto aliyepewa viatu na simu na sasa anajiona ana deni ambalo hajui linalipwa vipi.

Halafu lile swali la kuacha kazi. Umeliandika ili nione adabu yake, na mimi nimeliona, nikaiweka barua yako pembeni kwa muda kwa sababu nilikasirika. Mtoto alikuja kwako akiwa amechagua wakati mko wawili tu, akakuuliza anatokaje. Alizungukazunguka kwa sababu ya aibu, lakini alikuuliza. Ukampa somo la shukrani. Sikulaumu kwa kutojua siku ile, nakulaumu kwa kuwa sasa unajua na bado unalisimulia kama sifa yako ya malezi.

Na huo msemo wako kwamba mtoto wa kiume hana cha kupoteza, sijui nani aliwapeni wanaume. Anapoteza usingizi, masomo, marafiki wa rika lake, na imani kwamba mtu mzima akimfanyia wema hataki kitu. Ingekuwa ni binti yako na mwenye maturubai ni mwanamume, ungeshakuwa umevunja kiti cha mtu. Mama yake alivaa kandambili, wewe ukamvua. Anza kwake. Mwombe radhi, na usimpe hotuba, maana ana haki ya kuchoka na hotuba zako.

Yule mama nisingependa umtukane. Huenda kweli ni mpweke, upweke upo na unauma. Lakini watu wazima wapweke wamejaa mjini, akatafute mwenzake huko. Mtoto wa miaka kumi na sita si dawa yake, na hicho chumba chenye umeme usikiite msaada wa masomo, wewe si mgeni wa dunia. Mwenyewe alianza kukuita mzee siku aliyotaka kitu kwako. Anajua anachofanya.

Sasa fanya hivi. Kazi ya viti iishe leo, si shule zikifungwa, na si kijana atakayekwenda kuaga. Nenda wewe na mama yake, mchukue na mtu mmoja mzima mnayemheshimu wote asimame awe shahidi, mwambieni yule mama kwa sauti ya kawaida kwamba kijana harudi tena uani kwake na asimtafute kwa simu wala kwa mtu. Simu mrudishieni. Viatu mwachieni mtoto, hawezi kwenda shule peku kwa makosa ya watu wazima. Akikuahidi ada, mwambie ada ya mwanao inatoka kwenye mashine yako na cherehani ya mkeo, ikipungua mtaenda shuleni kuomba muda kama wazazi wengine.

Mkitoka hapo msiende nyumbani kupumzika. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii, au polisi kwenye dawati la watoto, mkaeleze yote. Mtu mzima anayemfanya mtoto mpenzi ana kesi ya kujibu, awe amevaa suruali au gauni, na si kazi yako kuamua kama asamehewe. Najua utaniambia ni jirani. Ndiyo, na kila likizo atatafuta vijana wengine wa kupakia viti uani kwake. Mpelekeni kijana kwa mganga wa kituo cha afya pia, na huko mpeni nafasi azungumze peke yake na mtaalamu, wewe ukae nje. Si kila jambo atakwambia wewe, na usimlazimishe.

Bandani kwako, atakayekuita baba mkwe tena, zima mashine. Mwambie huyo unayemcheka ni mtoto, na kama bado anacheka akamalizie nusu ya kichwa kwingine. Utapoteza wateja wawili watatu. Wengine watakaa kimya kwanza, kisha mmoja atabaki nyuma akuulize kuhusu wa kwake, nakuhakikishia.

Kijana usimpige, usimsimange, wala usimtanie kuhusu hizo ndevu. Unaogopa atakuchukia ukikataa. Nawajua watoto wanaotaka kitu: hulia, hununa, hukataa chakula, humtuma mama, huleta wajomba. Mwanao aligombea upande wa dirishani, akazigombea ndevu tatu, lakini kuhusu kuhamia kwa yule mama alisema mtaamua ninyi. Ndugu yangu, hiyo haikuwa heshima. Yeye hana ubavu wa kumkatalia mtu aliyemlisha na kumvisha, na anangoja kuona kama nyumbani kwao kuna mtu mzima atakayekataa kwa ajili yake. Leo jioni kaa naye, mwambie, "Nimekataa, na wewe huna kosa," halafu nyamaza umpe muda, hata akilia.