Nusu ya Orodha Iliyobaki Kakuma

Lodwar

Mpendwa Achol, niliyekuita binti yangu,

Miaka mitatu sasa sijakujibu. Barua yako ya kwanza kutoka ng'ambo ninayo hapa mezani, na kila niliposhika kalamu niliona haya. Unisamehe. Sikukosa nafasi, nilikosa ujasiri.

Unaikumbuka kazi yetu: wewe kambini Kakuma, mimi hapa Lodwar, kila mmoja na kompyuta yake, na katikati yetu laini ya simu ambayo upepo wa vumbi uliikata ulivyopenda. Itifaki tuliyotumia kupelekeana mafaili ilikuwa kongwe, na jinsi tulivyoitumia haikujua huruma: laini ikikatika, faili lilianza upya tangu herufi ya kwanza. Kila asubuhi uliniita redioni kabla hatujaanza, ukinijulia hali kwa Kiturkana.

"Lodwar, Lodwar, hapa Kakuma. Mwalimu, ejok?"

"Ejok noi. Tuma faili, usipige soga."

"Kwani soga nayo iko na kanuni, Mwalimu?"

Ukacheka. Nami nilicheka, baada ya kuzima redio.

Wewe ndiwe uliyebuni dawa. Laini ikirudi, mashine yako iiulize yangu imepokea hadi wapi, kisha iendelee kutoka hapo. Nilikatalia mbali. Nilisema kanuni haibadilishwi na watu wawili. Tena niliogopa kwamba faili likihaririwa katikati ya safari, tutaunga kichwa cha orodha ya jana na mkia wa orodha ya leo. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Ulipotaka kuijibu, nilikukata kauli.

Ikaja Ijumaa ile ya orodha ya vibali vya kusafiri. Ndege, iliyokuja mara moja tu kwa wiki, ingeichukua hapa saa sita mchana kwenda kuidhinishwa. Mama yako alikuwa amelazwa Nairobi, na bila kibali usingeruhusiwa kutoka kambini. Laini ilikatika mara nne, na mara nne nilikuamuru uanze upya.

"Mwalimu, majina nusu imefika kwako. Wacha tuendelee hapo hapo. Jina yangu iko huku chini."

"Yamefika," nikakusahihisha. "Anza mwanzo."

Ukaanza mwanzo. Orodha pungufu haikupokelewa, ndege ikaruka bila hiyo. Kibali chako kilitoka wiki iliyofuata, ukafika Nairobi mama ameshazikwa. Uliporudi uliniita redioni kama kawaida, "Mwalimu, ejok?" Hukunilaumu. Nami nikasema tu, "Tuma faili."

Ulipohamia ng'ambo nilianza kuitumia njia yako kimyakimya. Mafundi wa vituo vingine wakaiiga, wakaiita "njia ya Mwalimu", nami sikuwasahihisha, mimi ninayesahihisha kila mtu.

Sasa mafundi wa vituo vyote wanajadiliana kwa barua za kompyuta kama njia hiyo iwe kanuni rasmi. Wapo wanaosema mashine za zamani zitaachwa nyuma, na kwamba itifaki ile imetutosha. Wengine wanasema kila kituo kinaiboresha kivyake, na karibu tutashindwa kusikilizana. Mmoja ameuliza swali langu lile lile, la faili kubadilika njiani. Mwingine ameniandikia, "Mzee, tunangoja neno lako. Si hii kitu ni yako?"

Nikafungua daftari uliloniachia. Jibu lilikuwamo, kwa mwandiko wako: mashine zilinganishe kwanza ukubwa na tarehe ya faili, zikitofautiana, ndipo zianze upya. Ulikuwa nalo siku ile nilipokukata kauli.

Leo asubuhi nimewaandikia kwamba njia hiyo si yangu. Ni ya Achol wa Kakuma, na niliikataa siku ilipohitajika kuliko siku zote. Nimeunakili ukurasa wako wote, sikubadilisha hata neno, nikawaomba waufanye kanuni. Huenda wakakataa. Nikiwasoma, nasikia sauti yangu mwenyewe redioni.

Wakishaamua, wakubali au wakatae, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Nami sitaanza mwanzo, Achol. Nitaendelea hapa hapa nilipoishia.

Ni mimi,
uliyeniita Mwalimu