Mtume wa Tatu Kushoto

Ilaria, uko? Sikia yaliyonipata.

Leo darasa letu la jioni la sanaa lilisafisha mchoro wa ukutani wa Karamu ya Mwisho, kanisani kwetu mlimani. Moshi wa mishumaa tunaufuta kwa mkate laini, kama kifutio.

Nikamchagua mtume wangu, yule niliyemwashia mishumaa mwaka mzima Mama alipolazwa hospitali ya Perugia. Wenzake waling'aa kwa duara la dhahabu la utakatifu kichwani. La kwake nikasugua, nikasugua, likabaki jeusi.

Mwalimu akasema, "Fosca, acha. Huo si moshi. Limechorwa jeusi. Huyo ni Yuda msaliti."

Yuda, Ilaria!

Mzee Duilio wa darasani akacheka: "Angalau kwake hukupanga foleni, dada."

Lakini Mama alipona. Madaktari walishakata tamaa, akapona. Nani alinisikia?

Sasa Mama ananiita. Amechuma maua, anataka twende tukamshukuru mtume wangu.