Lakiri Juu ya Mafiga

Jumatatu, 7 Septemba 1987
Tumepanga madawati tena. Darasa la saba wamefagia, wakanyunyiza maji. Sanduku la mtihani limefika kutoka wilayani. Liko nyumbani kwa Mwalimu Adelina, mwalimu mkuu wetu, maana ofisini mchwa wamekula fremu ya mlango, kitasa kinaning'inia tu. Bahasha zimefungwa kwa lakiri, ile nta nyekundu yenye mhuri. Mhuri ukiharibika, watoto wangu wanafutiwa mtihani. Sekondari ndiyo imekwenda hivyo. Nimechoka.

Jumanne, 8 Septemba
Mungu wangu! Mama mkwe wa Mwalimu Adelina kaona mchwa wakitokeza chini ya kitanda, sanduku lilipokuwa. Mwenyewe yuko shuleni. Bibi kafanya anavyofanya kwa mbegu zake za maharage: kalipandisha uchagani, juu ya mafiga, moshi ufukuze wadudu. Sanduku lenyewe la bati! Ndizi zimechemka chini yake kutwa. Jioni tulipofungua kukagua, lakiri imetiririka, mihuri haisomeki. Hakuna bahasha iliyofunguliwa, lakini nani ataamini?
Nikasema tuwashe mshumaa, tuiyeyushe upya, tugonge mhuri wa shule, nani atajua? "Sisi tutajua, mwalimu," akasema Mwalimu Adelina. Basi. Nimemkasirikia mpaka nimeshindwa kula.

Jumatano, 9 Septemba
Mwalimu Adelina kaondoka alfajiri kwa baiskeli kwenda wilayani kujisema mwenyewe. Mvua hiyo! Kaniachia sanduku, nimelikalia kama kuku anayeatamia.
Mchana karudi na ofisa elimu na polisi, ndani ya Land Rover, kalowa chapachapa. Wamegeuza bahasha moja moja. Gundi haijaguswa, uzi uko vilevile. Mtihani upo.
Halafu ofisa akauliza nani aliweka sanduku motoni. Bibi alikuwa mlangoni. Mwalimu Adelina hakumtupia hata jicho. "Nilikabidhiwa mimi, mzee. Kosa ni langu."
Wamemvua ukuu papo hapo. Kesho haruhusiwi kusogelea chumba cha mtihani. Nimelia mbele ya watu, sijali. Huyu mama ana moyo gani jamani?

Alhamisi, 10 Septemba
Watoto wamefanya. Hisabati imewatoa jasho. Yeye kashinda nyumbani akimenya ndizi na mama mkwe wake. Neno la lawama hajamwambia. Mimi ningemsema mpaka Krismasi.

Jumatatu, 28 Septemba
Nakaimu ukuu. Sikuuomba. Yeye kapewa darasa la kwanza.
Asubuhi nimepita darasani kwake. Anawashika vidole wanaojifunza kuandika. Watoto wakasimama kuniamkia. Mimi nikamgeukia yeye: shikamoo, mwalimu mkuu. Akacheka, akasema mkuu sasa ni wewe. Nikabaki nimesimama pale pale mpaka akaitikia marahaba.