Koo Langu Liko Bugarama, Papa Daudi Yuko Kalemie

Bugarama, Rusizi

Maman Furaha, mke wangu,

Nakusalimia kwa kalamu, maana mdomo umefungwa kwa amri ya daktari. Goti lako linaendeleaje? Yule mbuzi mweupe amezaa? Na wewe unalala vizuri, ama mazoezi ya korale, ile kwaya yetu, yanakuchelewesha? Nauliza tu. Miye ni muzima, ukiondoa shingo. Binti yetu Furaha ananilisha mchele asubuhi na magharibi, karibu niote mabawa.

Unajua kazi niliyopata hapa: kulinda mpunga. Ndege wakishuka, nawapigia yowe. Mkwe wetu alinicheka, "Papa, hiyo kazi ni ya batoto." Nikamwambia batoto hawajawahi kuanzisha nyimbo kanisani kama miye. Na kweli, nikipiga yowe, hata ndege wa shamba la jirani walikuwa wanaruka. Kisha siku moja nikafungua mdomo, ukatoka upepo tu. Ndege mmoja akanitazama, akaendelea kula.

Nikajua ni kilimi, kale kanyama kanakoning'inia kooni. Si unajua kwetu, mtoto akikohoa ni kilimi, akitapika ni kilimi, akikonda ni kilimi, mkateni! Nikapanda taksi bila kumwambia Furaha, mpaka Nyakabuye, kwa mama mmoja anayekata vilimi. Akanikalisha kwenye kigoda katikati ya wamama waliobeba vitoto, akanishika taya, akamulika koo kwa tochi ya simu. Akaanza kucheka.

"Mzee, nikate nini? Kilimi haiko! Walishakukata zamani, ukiwa mutoto."

"Angalia vizuri, Maman, pengine imeota tena."

"Kilimi si nywele, Mzee. Enda kwako."

Batoto wote walilia, wamama wote walicheka. Usimsimulie mtu. Hasa unajua nani.

Ndipo Furaha akanipeleka hospitali, kwa daktari wa koo anayekujaka kutoka Kigali. Ni mwanamke, kijana, mzuri. Nakuambia ili na wewe uwe na cha kuwazia usiku.

Akanipitishia puani kamrija kembamba kenye taa, na pale kwenye kioo nikaona koo langu mwenyewe. Maman Furaha, nilidhani kooni kuna tundu moja, chakula na pumzi vinasukumana kama wafanyabiashara mpakani Ruhwa. Kumbe ni mabomba mawili. La pumzi liko mbele, lina pete ngumu, hata kwa kidole unazigusa. La chakula limelala nyuma yake, laini, limejikunja mpaka umeze. Juu kuna kifuniko, ukimeza kinafunga njia ya pumzi. Na ndani ya koromeo, pale panapopanda na kushuka ukimeza mate, kuna kamba mbili nyeupe. Ukipumua zinaachana, ukisema zinakutana zinatetemeka. Hiyo njo sauti, hakuna kingine.

"Mzee, sema iii," daktari akaniambia.

Nikasema iii. Kamba ya kuume ikatoka mbio kumkuta mwenzake. Ya kushoto ikabaki imelala pembeni, haina habari. Ya kuume ikanyooka weee, ikafika katikati, ikangoja peke yake. Nilitaka kulia. Niliona ni miye na wewe.

Akanigusa chini ya koromeo, pale ulipokuwa unasema nimenenepa. Si unene. Ni rovu, limeota upande wa kushoto, linabana mshipa wa fahamu unaoamrisha ile kamba. Akanikataza kusema, hata kunong'ona, mpaka anipasue, maana ile kamba nzima nimeichosha kwa kelele za ndege.

Sasa sikia safari ya huo mshipa. Unatoka kichwani, unashuka shingoni kando ya mshipa mkubwa wa damu, unapita koromeo bila hata kulisalimia. Unaingia kifuani, unazunguka mshipa mnene unaotoka moyoni, kisha unapanda tena mpaka kooni! Nikaandika kwenye karatasi: Mbona haukati njia? Daktari akacheka, "Mungu njo aliupitisha hivyo, Mzee." Miye nikamfikiria Papa Daudi, anayeshika zamu yangu kwenye korale. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa. Lakini kwenda kanisani lazima ashuke mpaka kwetu, azunguke jiko lako, ndipo apande. Na yeye Mungu amempitisha?

Furaha alinichezea sauti mliyomtumia kwenye simu. Nilisikia Papa Daudi anaanzisha wimbo wangu, juu, juu, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Hiyo haikuniuma. Iliniuma namna ulivyomjibu haraka. Miye ulikuwa unaningoja nimalize, unavuta pumzi, ndipo unaingia. Yeye unamdaka hewani!

Kisha Furaha, ambaye hajui kuficha, akasema: "Maman anamuchemshiaka Papa Daudi tangawizi, sababu koo inamukauka."

Inamukauka! Miye langu lina rovu, sijatumiwa hata ganda la tangawizi. Lake likikauka kidogo, sufuria iko motoni. Mwambie anywe maji, ziwa zima liko hapo Kalemie.

Sasa neno lenyewe. Daktari akirudi baada ya mavuno anataka kutoa rovu. Ule mshipa unapita nyuma yake palepale, mwembamba kama uzi. Ukiguswa vibaya, sauti haitarudi. Mshipa ukisalimika, huenda ikarudi, pole pole, na huenda isiwe ile uliyoizoea. Hakutaka kuniapia. Na rovu likiachwa litakua, litabana hata bomba la pumzi. Furaha anasema nikubali. Mkwe anasema nikubali. Miye nimewaandikia kwa herufi kubwa kwamba sitalala kwenye kile kitanda cha kupasuliwa mpaka ufike. Usinicheke. Nikipoteza sauti nikiwa huku, nawe uko kule unaimba na mwingine, nitarudi kwako kama nani?

Nisalimie mdogo wangu Josefu fundi baiskeli, na shangazi yako Veronika muuza visamaki vya ndagala, na kitinda mimba wetu Neema, mwambie asome. Papa Daudi fundi viti naye msalimie. Lakini msalimie ukiwa umesimama mlangoni, asiingie.

Njoo, Maman Furaha. Pita Uvira, ingia Burundi, mkwe atakungoja Ruhwa na moto, ile pikipiki yake. Nikiamka sitaki kuona daktari mzuri wala binti. Nitajaribu jina lako kwanza, lile la usichana ambalo batoto hawalijui. Likitoka zima, utakuwa wa kwanza kulisikia. Likitoka upepo, inama, weka sikio hapa mdomoni, kama tulivyokuwa tukifanya batoto wakiwa wamelala. Hapo hakuna wa kuchukua zamu yangu.

Ni miye mume wako, bado mume wako,

Papa Furaha